Matukio ya pamoja ya dini mbalimbali mjini: mbona meza kuu inajaa, viti vya nyuma vitupu?

#1 KitiChaNyuma

Wakuu, salaam.

Ndani ya miaka mitatu nimehudhuria matukio sita ya dini mbalimbali: makongamano mawili, matembezi ya amani, futari ya pamoja mara mbili na usiku mmoja wa kwaya na kaswida. Kila mara nakaa nyuma, na ukikaa nyuma huna kazi nyingine zaidi ya kuhesabu vichwa. Meza kuu imejaa: kanzu, majoho, kola nyeupe, vilemba, kila mmoja na chupa yake ya maji. Huku chini, ukiwatoa wanakamati, waandishi wa habari na wasaidizi wa hao waliokaa juu, unabaki na watu wa kuhesabika. Na ni wale wale. Kuna mama mmoja na mzee mmoja wa fimbo nimewakuta mara zote sita, siku hizi tunasalimiana kama tuliosoma darasa moja.

Sasa mji huohuo, kila wiki nyumba za ibada zinafurika hadi watu wanasimama nje. Kwa hiyo msiniambie watu wamechoka na dini. Na msiniambie hawajuani, maana jengo moja la kupanga lina dini nne na wote wanaanika nguo kamba moja.

Dai langu: matukio haya yanaandaliwa ili viongozi waonane. Muumini wa kawaida anaitwa awe pazia la nyuma kwenye picha ya pamoja. Anayepinga aje na hoja.

#2 Chumvi_Kidogo

Nawahi siti ya mbele kabla wenye majoho hawajafika.

#3 FundiSpika

Mleta mada, mimi ndiye ninayefunga spika kwenye shughuli za aina hiyo, kwa hiyo ninazisikiliza zote nitake nisitake.

Tatizo ni ratiba. Tukio la muda wa saa tatu linafunguliwa kwa sala ya kila dini, dakika tatu tatu. Hakuna kiongozi wa dini aliyewahi kusali dakika tatu akiwa ameshika maiki. Hapo saa nzima imeisha. Anakuja mshereheshaji anatambulisha wageni, anayefuata anasema "itifaki imezingatiwa" halafu anawataja wote upya mmoja mmoja. Anafuata mwenyekiti, mwakilishi wa mwenyekiti, mgeni rasmi. Ikifika "maswali kutoka kwa washiriki" mimi nimeshaanza kukunja nyaya.

Nani atoke kwake siku ya mapumziko aje kuwapigia makofi wengine? Si imani hiyo mkuu, ni viti vigumu na hotuba ndefu.

#4 NimesomaKidogo

Nakazia #3. Lakini tukumbuke haya mambo bado machanga. Mkutano wa kwanza wa dini zote duniani ulikuwa Assisi, Italia, mwaka 1986, Papa Yohane Paulo II ndiye aliyeuita. Miaka arobaini si kitu, watu watazoea.

#5 Mwalimu_Mstaafu

Ndugu NimesomaKidogo, jina lako halikudanganyi. Assisi ilikuwa tarehe 27 Oktoba 1986, hapo uko sawa, ila haikuwa ya kwanza. Bunge la Dini za Dunia lilifunguliwa Chicago tarehe 11 Septemba 1893, pembeni ya maonesho makubwa ya dunia. Pale ndipo Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu kutoka India, alipopata jina, alianza kwa kuwaita waliohudhuria dada na kaka zake wa Marekani na ukumbi ukainuka. Uislamu uliwakilishwa na Mmarekani aliyesilimu, Alexander Russell Webb. Baada ya hapo kimya cha miaka mia moja, likaitishwa tena Chicago 1993, kisha Cape Town 1999, Barcelona 2004, Melbourne 2009 na kuendelea.

Na malalamiko ya mwaka 1893 yanafanana na haya ya mleta mada, ila kwa kichwa chini miguu juu: kule viongozi ndio waliogoma. Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana, alikataa kushiriki, Sultani wa Uturuki naye hakutaka. Watu wa kawaida wakajaa ukumbini.

#6 KitiChaNyuma

Mwalimu, hapo umenipa dawa. Kumbe tuwafungie nje wakubwa!

#7 Chumvi_Kidogo

Tukiwafungia nje nani atalipia ukumbi?

#8 Usiku_wa_Kuamkia

Mnazunguka. Jibu liko kwenye kalenda.

Niliwahi kuwa katibu wa kamati moja ndogo. Tulikaa tukapanga kwa hekima zetu: mchana wa Ijumaa hapana, Waislamu wako kwenye sala. Jumapili asubuhi hapana, Wakristo. Basi Ijumaa jioni, saa moja na nusu, kila mtu yuko huru. Tukapigana mikono. Tukatuma barua.

Siku ya tukio Wasabato hawakuonekana hata mmoja, na rafiki yetu Myahudi naye alikuwa ameomba radhi mapema. Mmoja wetu akasema "hawa wanajitenga". Wanajitenga wapi! Sabato yao inaingia jua likizama Ijumaa na kutoka jua likizama Jumamosi. Sisi tunaosema "usiku wa kuamkia Jumamosi" tulipaswa kuelewa kabla ya wengine wote. Tuliwaalika saa ileile wanayofunga milango.

Tukajirekebisha, la pili tukaliweka Jumapili alasiri. Likaangukia siku za mwisho wa Ramadhani, watu wanawahi kufuturu na wengine wako itikafu, wamejifungia msikitini kwa ibada. La tatu likagonga Kwaresima na mfungo wa Waorthodoksi. Nikajiuzulu.

#9 MzeeWaKoleo

Mimi ni miongoni mwa wasiokuja na sijifichi. Sijachukia mtu. Jirani yangu wa ukutani ni wa dini nyingine, akiumwa namfungulia duka lake. Lakini ibada siichanganyi. Nikikaa pale anasimama mmoja anasema "tuinamishe vichwa tuombe", naomba nini? Nikiinama nimemdanganya Mungu wangu, nisipoinama nimewatukana wenyeji. Bora nibaki nyumbani. "Nyinyi mna dini yenu, nami nina dini yangu", ndivyo Sura ya 109 inavyomalizia, na siisomi kama tusi. Naisoma kama mpaka wa shamba: ukijulikana, majirani hawagombani.

Niiteni kuzibua mtaro, nakuja na koleo langu.

#10 DadaWaKwaya

Mzee #9 nakuheshimu, ila hiyo shida ilishafikiriwa. Pale Assisi utaratibu ulikuwa "kuwa pamoja ili kusali", haukuwa "kusali pamoja". Kila dini ilipewa mahali pake mjini, wakasali kivyao, ndipo wakakutana mbele ya Basilika la Mtakatifu Fransisko, kila kundi likatoa sala yake wengine wakinyamaza. Siku nzima walifunga, na pande zinazopigana duniani ziliombwa zisitishe vita kwa siku hiyo.

#11 MzeeWaKoleo

Mwanangu, "kuwa pamoja ili kusali" na "kusali pamoja" ni maneno mawili kwa mwenye digrii. Kwa mimi niliye kwenye kiti ni sala nimeisikia na nimenyamaza.

#12 DadaWaKwaya

Sawa baba, na hata ndani ya kanisa langu wapo waliolalamika vilevile. Naliacha hapo.

#13 HesabuZaMwezi

Narudi kwa #8, maana hapo kuna utamu.

Mwaka wa Kiislamu ni wa mwezi mtupu, siku 354 au 355. Ndiyo sababu Ramadhani inarudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka wa jua na kuzunguka majira yote kwa miaka kama 33. Pasaka ya Wakristo ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, ukihesabu kuanzia 21 Machi, kwa hiyo inacheza kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Waorthodoksi wanapiga hesabu hiyo kwa kalenda ya Juliasi, ile ya zamani ya Kirumi, ndiyo maana mara nyingi wanakuja baadaye, ingawa mwaka 2025 wote waliangukia 20 Aprili.

Mwaka 2022 ndio uliogonganisha zote: tarehe 15 Aprili ilikuwa Ijumaa Kuu, Ijumaa ya Ramadhani, na jua lilipozama Pasaka ya Wayahudi ikaingia.

#14 Chumvi_Kidogo

Basi huo ndio ulikuwa mwaka wa kufanya tukio la pamoja!

#15 Usiku_wa_Kuamkia

Huo ndio ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote. Sikukuu zikigongana magazeti yanafurahi, lakini kila shehe, padri na rabi ana ibada zake siku hiyo na kila familia iko kwao. Kwa mwandaaji, wiki nzuri ni ile ambayo hakuna dini yoyote yenye jambo. Kaitafute hiyo wiki uniletee.

#16 NimesomaKidogo

@HesabuZaMwezi lakini Wayahudi nao wanatumia mwezi, mbona Pasaka yao haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani? Au inazunguka?

#17 HesabuZaMwezi

Haizunguki. Katika kila miaka 19 wanaongeza mwezi mzima mara 7, ndio unaoshikilia sikukuu zao kwenye majira. Waislamu waliacha kuongeza. Swali zuri, safari hii umesoma vingi.

#18 Mama_wa_Watatu

Nimesoma posti zote 17, hakuna aliyegusa jambo lililo mbele ya macho. Mleta mada anasema viti vya nyuma vitupu. Baba, ulikwenda kuangalia jikoni?

Futari ya pamoja ya watu mia mbili haijipiki. Tulikuwa wanawake kumi na wanane wa dini tatu, tangu asubuhi. Tumemenya, tumebishana, tumechekana, mmoja kaungua mkono mwingine kamfunga kitambaa. Tumezungumza habari za wakwe, madeni na watoto waliogoma kusoma. Mazungumzo ya dini mbalimbali ni yapi kama si hayo? Ilipofika jioni wanaume wakapanda meza kuu kuzungumzia "mahusiano mema", sisi tunaosha sufuria. Hakuna aliyetuita hata kwenye picha.

Ukitaka kujua waumini wako wapi, wako nyuma ya pazia lako hilo.

#19 FundiSpika

Nathibitisha. Spika ya jikoni haijawahi kuwamo kwenye oda.

#20 KitiChaNyuma

Mama #18, nimenyooshewa kidole na nimekipokea. Sikuwahi kuingia jikoni. Lakini ona, umenisaidia hoja: tukio la kweli lilikuwa lenu na halikuwamo kwenye ratiba.

#21 Mama_wa_Watatu

Usinifanye hoja, njoo umenye vitunguu.

#22 Mboga_Majani

Vitunguu? Hapo mmeshawafukuza Wajaini, wale wa dini ya kale ya India. Hawali kitunguu, kitunguu saumu wala mizizi inayong'olewa ardhini.

Kwa mwenye kuandaa chakula cha dini nyingi, ushauri wangu ni mmoja: toa nyama kabisa. Mwislamu ataulizia uchinjaji, Myahudi ataulizia uchinjaji wake na kama nyama imekutana na maziwa, Wahindu wengi hawali ng'ombe na wengine hawali nyama yoyote, Mwethiopia wa Orthodoksi yuko kwenye mfungo wa Jumatano au Ijumaa na hagusi hata yai. Mboga, nafaka, matunda. Masingasinga walilitatua zamani: kwenye langari yao, yaani jiko la bure la hekaluni, chakula hakina nyama, kila mtu anakaa chini sakafuni, tajiri na maskini, mwenye dini na asiye nayo, hakuna anayeulizwa katoka wapi. Pale Amritsar, India, kwenye hekalu lao kuu, wanalisha makumi ya maelfu kwa siku. Hakuna hotuba na hakuna meza kuu, maana hata meza haipo.

#23 Chumvi_Kidogo

Nimewahi kuingia gurudwara, hekalu la hao Masingasinga. Nilifunikwa kichwa kwa kitambaa, nikavua viatu, nikala nikashiba. Nimetoka, kiatu changu kimoja kipo, cha pili ni cha mtu mwingine. Namba ileile, rangi ileile, vya kushoto vyote viwili.

#24 Usiku_wa_Kuamkia

Na huyo mwenzako mpaka leo anatembea na vya kulia viwili akisimulia ubaya wa mazungumzo ya dini.

#25 Chumvi_Kidogo

Tulikutana wiki iliyofuata. Tukawa marafiki. Sasa mleta mada, andaa tukio la kubadilishana viatu.

#26 SinaDini

Naomba kuuliza bila ugomvi. Mimi sina dini. Naishi mji huohuo, nalipa kodi ileile, mtaro wa mzee #9 unanifurikia na mimi. Matukio haya kila mara yanaanza na "sisi sote tunaomwamini Mungu mmoja". Hapo nimetolewa mlangoni. Na Wabudha je?

#27 Mwalimu_Mstaafu

Swali halali. Ukitaka mfano, Papa Benedikto XVI aliporudi Assisi tarehe 27 Oktoba 2011, miaka 25 baada ya ile ya kwanza, alialika pia wasomi wasioamini, na safari hiyo hapakuwa na sala ya hadharani ya pamoja. Wengine waliona amepunguza uzito wa tukio, wengine wakaona amepanua mlango. Mzee #9 angekaa pale bila wasiwasi.

Kuhusu "Mungu mmoja", wenye Wiki ya Umoja wa Mataifa ya Maelewano baina ya Dini walikumbana na hilo. Ndiyo maana wanasema upendo wa Mungu na upendo wa jirani, "au" upendo wa wema na upendo wa jirani. Neno "au" hapo limebeba mzigo mzito.

#28 NimesomaKidogo

Hiyo si ile wiki ya Januari iliyoanzishwa na Wabahai, wale wa dini ya Kibahai?

#29 Mwalimu_Mstaafu

Umechanganya mbili. Siku ya Dini Duniani, Jumapili ya tatu ya Januari, ndiyo iliyoanzishwa na Wabahai wa Marekani, mwaka 1950. Wiki ya Maelewano ni wiki ya kwanza ya Februari. Ilipendekezwa na Mfalme Abdullah II wa Jordan Septemba 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaipitisha tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo, ikaanza 2011. Na ndani yake siku hizi kuna tarehe 4 Februari, Siku ya Udugu wa Kibinadamu, kwa kumbukumbu ya hati ambayo Papa Fransisko na Shehe Mkuu wa Al-Azhar ya Misri, Ahmed al-Tayeb, walitia saini Abu Dhabi mwaka 2019.

#30 FundiSpika

Tarehe zote hizo mwalimu, na kila moja ina hotuba. Nitatajirika.

#31 MkaaziWaGhorofaYaNane

Naona wote mnajibu kana kwamba mji ni kijiji kikubwa. Sivyo. Kijijini anayesali nawe ndiye jirani yako na ndiye mtakayezikana. Mjini nalala upande mmoja, nafanya kazi upande wa pili, nasali upande wa tatu kwa sababu huko ndiko walikokuwa wakisali wazazi wangu. Siku yangu ya mapumziko ni moja na nusu yake imeshaliwa na ibada na usafiri. Unaniita tena kwenye ukumbi ulio upande wa nne?

Tena mwaliko wenyewe naujulia wapi? Barua inaandikwa kwa kiongozi. Kiongozi anaisoma, au haisomi, kwenye tangazo la kumi na moja, baada ya ndoa tatu na michango miwili, wakati watoto wameshaanza kulia. Mimi niliwahi kujua kulikuwa na tukio kwa kuona picha yake wiki iliyofuata.

Sioni hata haja. Jirani akifiwa tunapanda ngazi wote, lifti ikiwa mbovu tunabeba jeneza kwa zamu, na hakuna aliyeuliza mwenzake anasali siku gani. Tumeshachanganyika. Kinachoitwa "tukio" ni cha watu ambao hawaishi ghorofani.

#32 DadaWaKwaya

Hapo sikubaliani nawe kaka. Kubeba jeneza pamoja ni jambo kubwa, lakini hujui anaamini nini yule mnayebeba naye. Siku uvumi ukianza, na mjini uvumi unapanda ngazi haraka kuliko wewe, utabaki na nini? Utasema "alinisaidia kubeba jeneza", mwenzako atajibu "ndiyo, lakini unajua wanafundishwa nini kule ndani?" Hutakuwa na jibu kwa sababu hukuwahi kuingia kule ndani.

Mimi napendelea milango wazi. Ujerumani misikiti mingi inafungua milango kila tarehe 3 Oktoba tangu 1997, siku ya mapumziko ya muungano wao. Mtu anaingia bila barua, anauliza swali lake hata la kijinga, anajibiwa na muumini wa kawaida, anatoka. Hachangii sala ya mtu, mzee #9 sikiliza hapo.

#33 MzeeWaKoleo

Nimesikia. Kuingia kwa mtu kuuliza, hilo naweza. Nikikaribishwa, na wa kwangu nao wakikaribisha. Ila nauliza: wanaokuja siku hiyo si ndio wale ambao tayari hawana chuki? Mwenye chuki haji kuvua viatu mlangoni kwako.

#34 SinaDini

Swali hilo la mzee ndilo kubwa kuliko mada yenyewe, na linaiua nadharia ya kila mtu humu, yangu ikiwemo.

#35 Usiku_wa_Kuamkia

Haliui yangu. Mwenye chuki naye ana kalenda.

#36 Mama_wa_Watatu

Mwenye chuki alikuwepo jikoni, nilimwona. Alikuja kwa sababu mkwe wake alimlazimisha. Saa mbili za kwanza hakusema neno. Saa ya tatu akauliza nani ana kisu kikali. Sisemi alibadilika, sijui ya moyoni mwake. Nasema aliomba kisu, akapewa.

#37 Chumvi_Kidogo

Mama wewe hukuogopa kumpa?

#38 Mama_wa_Watatu

Nilimpa kile butu kwanza.

#39 KitiChaNyuma

Nimerudi. Asanteni nyote, sijashawishika kabisa na sijabaki nilipokuwa. Leo nimeletewa mwaliko mwingine. Naandika ratiba kama ilivyo: Jumapili alasiri, sala za ufunguzi tano, wazungumzaji kumi na wanne, "majadiliano ya wazi" dakika ishirini, picha ya pamoja. Wanawake kwenye orodha ya wazungumzaji ni mmoja, naye ndiye wa kutoa neno la shukrani.

#40 HesabuZaMwezi

Jumapili ipi? Nikuangalizie.

#41 FundiSpika

Kazi hiyo nimeshaitwa. Wameagiza maiki nne, zote za meza kuu. Nitabeba ya tano kwa hiari yangu niiweke viti vya nyuma. KitiChaNyuma usiniangushe, ukiishika useme.

#42 Mama_wa_Watatu

Ya waya au isiyo na waya?

#43 FundiSpika

Ya waya. Mita kumi.

#44 Mama_wa_Watatu

Haifiki jikoni.